Maoni ya Bila Breki Kuhusu Pikipiki Isiyo na Klachi

Nyumbani, karakana ya nyuma
Tarehe 6 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ile shikamoo uliyoirudia mwisho wa barua. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya wageni. Tangu niwaambie watu kwamba duka kubwa la pikipiki huko kwenu linataka maoni yangu, karakana haipitiki. Nachomelea geti la watu, wenzangu wamejipanga ukutani wananitazama kama sinema.

Simu usinipigie. Simu yangu ilitumbukia kwenye tenki la mafuta nikiwa mwendoni, nikaisikia inaita humo humo ndani mpaka juu mlimani, nami sikusimama maana nilikuwa naongoza. Sasa hata ikiwaka inanuka petroli, watu wanaogopa kuishika. Iliyobaki nyumbani ni ya mke wangu, mkaza mjomba wako, na hiyo mimi naitumia kusoma habari tu.

Haya, kazi. Unasema bosi wako ataleta ile pikipiki mpya iliyotangazwa juzi, ya mwendo kasi na safari ndefu, yenye mabegi pembeni na kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa kitufe. Unasema zinatoka aina mbili. Moja ina klachi kama tulivyozoea. Nyingine haina klachi kabisa, unapiga gia kwa mguu tu na mashine inajikamata na kujiachia yenyewe. Na bosi ataagiza aina moja, basi, kwa hiyo mnakusanya maoni ya waendeshaji wazoefu, yaandikwe kwa mkono, yabandikwe ukutani dukani. Mmefanya vizuri kuanza na mimi. Msingeanza na mimi ningekuja mwenyewe kuuliza kulikoni.

Picha nimeziangalia. Kwa umbo sina neno. Tenki limejaa kama kifua cha bondia. Siti ya nyuma ni pana, mtu anaweza kula chakula chake pale bila kumwaga mchuzi. Taa zimekaa kama macho ya mtu aliyekasirika lakini ana adabu. Mimi ni mtu niliyeendesha kutoka mpaka mmoja hadi mwingine bila kuzima injini, najaza mafuta huku inanguruma, mwenye kituo amepiga magoti ananisihi. Kwa hiyo nikikwambia siti ni nzuri, ni nzuri.

Lakini hiyo isiyo na klachi! Andika kwa herufi kubwa, na usibadilishe hata nukta: PIKIPIKI ISIYO NA KLACHI NI KITI CHA MAGURUDUMU KILICHOPIGWA RANGI.

Klachi ndiyo mazungumzo ya mtu na chombo chake. Mkono wa kushoto unauliza, injini inajibu. Ukiuondoa huo mkono umebaki abiria, hata kama umekaa mbele. Siku nilipokuta daraja limekatika katikati nikaliruka, nilibana klachi nikiwa hewani, nikaiachia matairi yalipogusa ng'ambo, na chai iliyokuwa kwenye chupa haikutikisika. Mashine ingejuaje kwamba tuko hewani? Ingekaa inasubiri maagizo.

Na usidhani ni maneno ya uzee. Kila mwaka naongoza msafara wetu kwenda bwawani, mimi mbele, mke wangu nyuma yangu ameniganda kama gundi. Vijana wananitania, "Bila Breki, mkeo bado hajazoea tu, anaogopa!" Nawajibu haogopi, ananipenda. Wake zao wao wanakaa nyuma wanachezea simu.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Amesoma barua yako kisha akairudia, halafu akauliza kama unayo picha nyingine ya hiyo isiyo na klachi, ya upande wa kushoto. Sijui upande wa kushoto anautakia nini. Labda kapenda rangi, anataka kushonea pazia.

Mimi mjomba wako,
Bila Breki


Dukani, idara ya mauzo
Tarehe 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Karatasi yako iko ukutani, katikati kabisa, usawa wa macho. Bosi aliisoma amesimama, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Sasa kila mteja akiingia anapelekwa kwanza kwenye "kiti cha magurudumu" ndipo aonyeshwe bei.

Na yametokea mambo ambayo sikuyatarajia. Yule Fundi Rangi wa kwenye msafara wenu, hufika huku na wenzake kufuata vipuri, alikuwa ameshaandika kwamba isiyo na klachi ingemfaa, kwenye foleni za mjini kiganja kinamuuma. Aliposoma yako akaomba karatasi yake, akaichana, akaandika nyingine: "Naungana na Bila Breki." Wengine wakafuata. Wanaandika mstari mmoja na jina lako. Aliyekataa kubadilika ni mwuguzi mmoja anayeendesha kwenda zamu. Yeye kaandika: "Nataka itakayonifikisha sijachoka, hata kama inajibadilishia gia na kuimba." Wanaume walicheka sana, yeye akavaa helmeti yake akaondoka.

Bosi anasema jibu limepatikana. Oda inaondoka mwisho wa Mei, na zitakuja zenye klachi tupu. Isiyo na klachi italetwa moja ya maonyesho, watu waione, kisha irudishwe ilikotoka. Kwa hiyo Mjomba, umeamua wewe. Nilijisikia fahari ajabu.

Jambo jingine. Mama alimpigia mkaza mjomba wiki iliyopita, akasikia nyuma yake watu wanaitwa kwa namba kama hospitali. Alipouliza, akajibiwa amekwenda kumwona mtu. Mtu gani? Mama hana raha.

Picha ya upande wa kushoto nimeiweka humu humu kwenye bahasha.

Mpwa wako


Karakana
Tarehe 24 Machi

Mpwa wangu,

Sasa hapa sitembei, naelea. Fundi cherehani amewashonea wenzangu maneno yangu mgongoni kwenye makoti ya kuendeshea. Msafara mzima! Ukitokea nyuma yao unasoma KITI CHA MAGURUDUMU mpaka macho yanauma. Mtu mmoja aliwakuta wamesimama kwenye taa akadhani ni chama cha wagonjwa, akawapisha. Nimecheka hadi nikaweka chini mashine ya kuchomelea.

Kwamba nimeamua mimi, hilo halinishangazi. Nilishawahi kuamua njia ya treni. Wahandisi walikuwa wamekwama, mimi napita zangu, nikawaonyesha kwa kidole, wakaweka reli. Bado ipo.

Hospitali alikwenda, ndiyo. Mtu aliyekwenda kumwona ni daktari. Bega linamsumbua kidogo, mwambie mama yako asiandae kilio. Mwanamke gani wa umri huo hana bega.

Mwaka huu msafara sitauongoza. Nina geti kubwa la mtu, lina maua ya chuma na ndege, kila ndege anataka uso wake. Nimewaambia wenzangu mwaka huu nawaongoza kwa heshima, nikiwa nyumbani. Pikipiki iko kwenye stendi, nimeifunika turubai, inapumzika. Hata farasi hupumzika.

Picha yako ameibandika kwenye kabati la jikoni, juu ya jiko. Akipika anaitazama. Nimemuuliza unaangalia nini, anasema anaangalia kama vitunguu vimeiva. Vitunguu viko chini, picha iko juu.

Mjomba wako,
Bila Breki


Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Barua hii naiandikia dukani kwa mwuza madaftari, amenipisha pembeni ya meza yake. Simu yangu mjomba wako huisoma akidhani sijui.

Nitaandika moja kwa moja, maana yeye atakuzungusha mpaka ulale.

Mkono wa kushoto wa mjomba wako umekufa ganzi. Ni ile mashine ya kusagia vyuma, imemtikisa miaka mingi mpaka vidole vimekuwa vyeupe, havisikii baridi wala moto. Kikombe akikishika kwa mkono huo kinaanguka, kisha anasema kilikuwa na mafuta. Klachi hawezi kuibana. Hajaibana tangu mwaka ule upepo ulipoezua paa la karakana.

Ninaibana mimi.

Nakaa nyuma yake, napitisha mkono chini ya kwapa lake, ndani ya lile koti pana la mvua, nafika kwenye kishikio. Mimi nina mikono mirefu, mama yako alikuwa akinitania kwamba nafunga viatu bila kuinama. Usukani aliukata akauchomelea upya ukarudi nyuma kidogo, watu akawaambia ni kwa ajili ya mgongo wake. Haniambii kitu tukiwa njiani. Goti lake la kushoto likipanda, nabana. Gia ikiingia, naisikia kwenye mapaja, naachia. Mwanzoni tuliruka kama vyura, tukafanya mazoezi kwenye uwanja mtupu mpaka tukaelewana. Sasa hata nikisinzia mkono unajua wenyewe. Tumewaongoza mlimani hivyo, mimi sioni mbele, naona mgongo wake tu. Watu wanasema nimemganda kwa mapenzi. Si uongo, lakini nilikuwa kazini.

Sasa, mwanangu, mwezi wa pili nimekatwa titi la kushoto. Mama yako nitamwambia mwenyewe, niachie hilo. Mkono wa upande huo umevimba, daktari amenikataza kubana, kuvuta na kubeba. Basi nyumbani tuna mikono miwili ya kushoto na hatuna hata mmoja.

Dawa kali naanza mwezi wa tano. Daktari hakunificha, alisema baada ya hapo tutaona. Nami nina haja moja. Nataka nikae nyuma yake twende bwawani kabla sijaanza. Si kwenye gari la mtu, nikishushwa kama mzigo. Nyuma yake.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliisoma nikaona njia hiyo hapo, imechorwa na picha juu. Kisha yeye akaandika yale. Alinisomea kwa sauti jikoni, anacheka, nami nikacheka naye. Hicho kiti cha magurudumu alichokitukana ndicho pekee anachoweza kukiendesha, na anajua. Alijua kalamu ikiwa mkononi. Ndiyo maana akatukana vile.

Sikulaumu kwa kubandika ukutani. Ulidhani unampa heshima. Lakini tafuta njia, na usimwambie nimekuandikia.

Mkaza mjomba wako


Dukani
Tarehe 6 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Habari za geti na ndege zake? Nakuandikia kwa jambo dogo tu.

Ile isiyo na klachi ya maonyesho inafika. Tarehe 27 mwezi huu tutaileta huko kwenu, kwenye uwanja wa mbele ya tawi letu, na bosi atampa mwendeshaji mmoja aende nayo siku nzima, na abiria wake, popote anapotaka. Tumeweka ubao hapa dukani, na siku hiyo tutakuja nao, anayetaka anaandika jina lake. Nikawaza, kwa nini asiwe wewe? Wewe ndiye uliyeikosoa kuliko wote, ungeijaribu ndipo uikosoe vizuri zaidi, kwa ushahidi. Siti ya nyuma nimeikalia mwenyewe, mabegi hayagusi miguu. Mtu angeweza kwenda mpaka bwawani na kurudi bila kuchoka. Na mkono wa kushoto unakaa tu pale, haufanyi lolote, hata mtu ambaye mkono wake unamsumbua angeweza.

Ni wazo tu, Mjomba.

Mpwa wako


Tarehe 13 Aprili

Mpwa wangu,

"Hata mtu ambaye mkono wake unamsumbua." Nimeisoma sentensi hiyo, nikaenda jikoni nikamtazama mkaza mjomba wako. Yeye akatazama sufuria. Basi unajua.

Leo sina hadithi. Jumapili iliyopita, alfajiri, kabla hajaamka, niliondoa turubai. Nilisema nitauzoesha mkono taratibu, niende mpaka makutano nirudi. Kishikio nilikifunga kamba, kamba nikaizungusha kwenye kiwiko, nikivuta kiwiko klachi inabana. Karakana nilitoka vizuri. Makutanoni gari la mikate likasimama mbele yangu ghafla, nikavuta kiwiko, kamba ikateleza. Pikipiki ikazima, ikalala upande, na mimi chini yake. Dereva wa mikate akashuka kunisaidia. Nikamwambia lami ilikuwa na mafuta. Akainama akaigusa lami kwa kidole, akanitazama, akanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuninyamazia hivyo.

Sasa unataka nipande hiyo ya kwenu mbele ya watu. Kuna makoti yanatembea mjini na maneno yangu mgongoni. Nikipanda wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, watajua kwamba mlimani, bwawani, kila mahali nilipojisifu, nusu ya uendeshaji haikuwa yangu. Na unadhani watamtazamaje yeye? Watasema alikuwa amembeba mumewe mgongoni njia nzima. Watamhurumia. Mke wangu hajawahi kuhurumiwa na mtu, hata huko hospitali anawatania wauguzi.

Ubao wenu muufute. Na usiniandikie tena habari ya mikono.

Mjomba wako


Dukani
Tarehe 19 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuzunguka. Sikujua kuzunguka, hiyo sikuirithi kwako.

Habari za mikono sitaandika. Nitakuandikia habari za ubao. Hauna jina hata moja. Fundi Rangi alishika chaki, wenzake wakaanza kumpigia miluzi, "Mletee blanketi, mgonjwa anapanda!" Akairudisha chaki. Mwuguzi alitaka, lakini siku hiyo yuko zamu. Mjomba, wako watu wenye viganja vinavyouma, wenye magoti, wenye ajali za zamani, nawaona wakiizunguka ile picha na kuondoka. Wanaogopa sentensi moja, na mwenye sentensi anaiogopa kuliko wao.

Unasema watamhurumia. Mimi nilipojua, nilikaa chini sakafuni hapa stoo, katikati ya maboksi ya vioo, nikawaza mtu anayeendesha pikipiki mlimani haoni mbele, anaona mgongo tu. Sikumhurumia. Nilijiuliza kama nitawahi kumwamini mtu hivyo.

Ubao sijaufuta. Tarehe 27, saa tatu asubuhi.

Mpwa wako


Hospitali, kwenye korido
Tarehe 9 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti cha plastiki, karatasi iko juu ya goti, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka jua ni goti. Mkaza mjomba wako yuko ndani, wamemwekea dawa ya kwanza kwenye mshipa. Ameniambia nitoke, nazungumza mno, mwenzake wa kitanda cha pili anataka kulala. Kweli nilikuwa nimeanza ile ya daraja.

Siku ile ya ubao ulikuwepo, lakini ulikuwa mlangoni na makaratasi yako, hukusikia kila kitu. Acha nikujazie.

Niliposhika chaki ulisikia kelele, hizo dunia nzima ilizisikia. Makoti yalikuwa yamejipanga pale, migongo yote imenigeukia makusudi ili nijisome. Fundi Rangi akasema, "Bila Breki, kiti chako hicho! Tukusukume au utajisukuma?" Mwingine akasema, "Shemeji, mfunike miguu asipigwe baridi!" Na mke wangu anacheka nao, ameshavaa helmeti, amesimama upande wa kushoto wa ile pikipiki anaupapasa kama mtu anayechagua kitambaa.

Nikavua glavu ya kushoto. Nikawaambia, "Utazameni huu mkono. Haujabana klachi tangu karakana yangu ilipoezuliwa. Aliyekuwa anabana ni huyu hapa, kwa nyuma, chini ya koti, haoni barabara. Yeye ndiye aliyewapandisha mlima ninyi nyote mkifuata taa yangu. Nani kati yenu ana mke anayeweza kuendesha pikipiki akiangalia mgongo?"

Unajua walifanya nini? Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. "Hii imezidi ya treni!" "Mwongezeeni maji, anaendelea!" Mpwa wangu, mimi nimesema mengi maishani, wakayameza. Ile siku nimesema lililo wazi kama kiganja, hakuna aliyelitaka. Nikatazama huku na huku, nikaona nimebaki nimeshika glavu.

Fundi Rangi peke yake hakucheka. Ndiye aliyeupaka rangi usukani wangu pale nilipouchomelea. Nilimwona anawaza, anarudi nyuma, anahesabu kona moja moja kichwani. Akamtazama mke wangu mikono. Kisha akavua koti lake, akalikunja maneno yakawa ndani, akalibana kwapani. Alipotupita hakuniambia kitu mimi. Alimwambia yeye, "Safari njema, dereva."

Basi tukaondoka. Wewe ulituona mpaka tulipokata kona, ukapunga mkono na yale makaratasi. Yaliyofuata hukuyaona.

Bwawani tulifika. Maji yalikuwa chini, mawe yote ya pembeni yako nje, meupe. Alikaa juu ya ukuta akanyoosha miguu, akasema panafanana na alivyopaacha. Nikaanza kumwonyesha mahali nilipomvuta samaki aliyetaka kunizamisha na pikipiki yangu, akaniambia, "Leo acha samaki alale." Tukakaa. Njia ya kurudi alisinzia kidogo, helmeti yake ikawa inagonga yangu kwenye matuta, ko, ko, na mimi nikapunguza mwendo. Mimi! Usimwambie mtu.

Sasa sikiliza kazi. Oda yenu haijaondoka, najua, kwa hiyo haya ni maoni yangu mapya. Ya zamani usiyatoe ukutani, yaache pale pale wayaone, haya uyabandike chini yake. Na hii isiyo na klachi ikija, ya kwanza kushuka ni yangu. Ile yangu ya zamani Fundi Rangi ameiomba, na amesema usukani hataunyoosha. Siti ya nyuma hakikisha ni ile ile pana, wasije wakatuletea nyembamba.

MAONI. Nimeiendesha kutwa nzima, lami na vumbi, mlima kupanda na kushuka, nikiwa na abiria mmoja. Injini haina kelele za bure. Kioo cha mbele kinakata upepo mpaka mtu wa nyuma anaweza kusema jambo kwa sauti ya ndani na ukalisikia. Gia zinaingia kwa mguu, laini, hazishtui mgonjwa. Mwuguzi aliyeandika kwamba anataka kufika hajachoka amesema kweli kuliko mimi, na wamwombe radhi waliomcheka.

Kuhusu klachi. Niliandika kwamba ukiondoa mkono wa kushoto mtu amebaki abiria. Tulipofika kwenye taa za kwanza, nyekundu, goti langu la kushoto lilipanda kwa mazoea. Nikahisi kitu kinapita chini ya kwapa langu. Ni mkono wake, ule uliovimba, uliokatazwa kufanya lolote. Nilitaka kumwambia hakuna haja. Nikashindwa kusema, mimi. Ukaenda mpaka pale ambapo kishikio hukaa, haukukuta kitu. Ukapapasa hewani kidogo, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba aliyohama. Kisha ukakaa juu ya mkono wangu, pale usukanini, ukatulia, mpaka taa ikawa kijani, na baada ya hapo pia.

Mkono wangu ule hausikii baridi wala moto, hilo ulishaandikiwa. Basi bandika na hili. Watakaosema Bila Breki katia chumvi, waache waseme.

Niliusikia.

Mjomba wako,
Bila Breki